Zamu ya Maji ya Bi Shaikha

Mvungu ni ile nafasi iliyo chini ya kitanda. Zamani kila nyumba ilikuwa nao, na huko ndiko kulikowekwa sanduku la nguo nzuri, pakacha la nazi na kila kitu ambacho mwenye nyumba hakutaka mgeni akione. Mtu akikihitaji hana ujanja: atapiga magoti, atainamisha shingo na kutia mkono gizani. Awe mrefu, awe na cheo cha kutetemesha watu, mvungu haujui hayo. Siku hizi vitanda vyetu vina droo na vifuniko, na wako wanaodhani kwamba methali ya mvungu imestaafu pamoja na vitanda vya kamba. Kisa cha Sinan wa Bawshar, huko Oman, kinasema vingine.

Sinan alikuwa na miaka sitini na moja, na mwaka uliopita alikuwa amestaafu kazi ya ukurugenzi wizarani. Mwezi wa kwanza wa kustaafu alilala. Mwezi wa pili alianza kuingia jikoni kuelekeza namna ya kupanga vijiko. Mwezi wa tatu mkewe, Mastura, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alimwambia atafute cha kufanya kabla hawajatafutana ubaya. Sinan akanunua baiskeli. Haikuwa baiskeli ya barabara ya lami. Ilikuwa na magurudumu mapana yenye meno, ya kupita kwenye changarawe na kokoto. Pamoja nayo akanunua helmeti, miwani ya kung'aa na nguo za kubana zilizomfanya Mastura ageukie ukutani ili asimcheke usoni.

Akajiunga na wastaafu wenzake wanne, wakiongozwa na Muhanna, aliyekuwa mkubwa wake wa kazi kwa miaka kumi na minane. Kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri waliegesha magari yao pembezoni mwa mji mkongwe wa Bawshar, wakashusha baiskeli na kufuata changarawe za bondeni mpaka kwenye falaji. Falaji ni mfereji wa tangu enzi za mababu, unaotoa maji chini ya mlima na kuyagawa mashambani, na ubavuni mwake ipo njia nyembamba ya kokoto inayotosha punda mmoja au baiskeli moja. Upande huu maji yanakwenda kimyakimya. Upande wa pili ipo mitende, milimau na mizabibu iliyotandazwa juu ya vichanja vya miti. Mwezi wa tano, zabibu zinapoiva, mpita njia huisikia harufu yake kabla hajaziona. Sinan aliipenda njia ile kuliko alivyowahi kuipenda ofisi yoyote.

Ila palikuwa na mahali pamoja asipopapenda. Penye ukuta wa udongo uliobomoka nusu, nyuma ya shamba dogo la mizabibu, alikuwa akikanyaga pedeli kwa nguvu zake zote, uso kauelekeza kwenye maji, mpaka shamba lipite. Wenzake walidhani anapenda mashindano. Shamba lile lilikuwa la dada yake, Bi Shaikha, na ndugu hawa wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita.

Bi Shaikha hakuwa dada tu. Mama yao alifariki Unguja, Sinan akiwa na miaka minne, na Shaikha aliyekuwa na kumi na miwili ndiye aliyemkogesha, aliyemlisha na kumpeleka chuoni kusoma Kurani. Ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli, hapo Kikwajuni, kwa baiskeli kubwa ya baba yao. Sinan hakukifikia kiti, kwa hiyo alipitisha mguu katikati ya fremu na kuendesha amejikunja ubavuni, kama walivyofanya watoto wote wa wakati ule, huku Shaikha akikimbia nyuma peku, mkono umekishika kiti. "Nimekushika," alikuwa akimwambia, hata pale alipokuwa amekwisha kumwachia. Walipohamia Oman, Sinan ana miaka tisa, Shaikha alikubali kuolewa mapema, na sharti lake lilikuwa moja tu: mdogo wake aende naye, akae kwake, asome.

Sasa tazama alivyolipwa. Siku Sinan alipopandishwa cheo kuwa mkurugenzi, aliwaalika wakubwa wa wizara nyumbani kwake, na Muhanna akakalishwa mahali pa heshima. Majlisi, sebule ya kupokelea wageni, ilijaa kanzu nyeupe na vilemba vilivyofungwa kwa ufundi. Miongoni mwa watu kama Sinan, waliorudi kutoka Afrika, kulikuwa na woga mmoja usiosemwa: woga wa kusikika wakizungumza Kiswahili mbele ya wakubwa, wakaonekana si Waarabu kamili. Bi Shaikha hakuwa na woga huo. Alifika na mkate wa kumimina ameufunga ndani ya kanga, akapitiliza mpaka mlangoni pa majlisi, uso umejaa furaha, akasema kwa Kiswahili, "Mdogo wangu, nimekuletea mkate, ungali moto." Sinan alimjibu kwa Kiarabu, kwa ukavu, kwamba ampe mtumishi. Muhanna alipouliza yule ni nani, Sinan akasema, "Mwanamke wa jirani."

Bi Shaikha alisikia. Kiarabu chake kilikuwa na lafudhi ya Unguja, lakini masikio yake hayakuwa na kasoro. Aliuweka mkate juu ya meza ya ukumbini, akaikunja kanga yake vizuri, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuikanyaga tena nyumba ile.

Huenda mambo yangebaki vivyo hivyo, maana Sinan alikuwa bingwa wa kuahirisha, kama binti yake wa pekee, Noof, asingechumbiwa. Upande wa bwana harusi, watu waungwana wa mji wa Sib, waliomba kutajiwa siku. Noof akasema siku haipo. Katika ukoo wao kila bi harusi alisingwa na Bi Shaikha: yeye ndiye aliyesaga liwa, ule mti wa manukato, akaichanganya na karafuu na maua ya waridi, akamsugua msichana kwa siku saba huku akimnong'oneza mambo ya unyumba. Noof alisema hatasingwa kwa mkono wa saluni, na kama shangazi hayupo, harusi nayo haipo. Aliyasema hayo kwa upole, kisha akaingia chumbani kwake kulia. Watu wa Sib walikuwa wamekwisha kuombwa muda mara mbili. Safari hii waliambiwa kwamba jibu watalipata Ijumaa jioni, na kila mtu alijua kuwa posa isiyopata siku mara ya tatu imevunjika.

Sinan akatumia akili za ofisini. Kwanza alimtuma dereva na zawadi: halwa, udi mzuri na shuka za hariri. Vyote vilirudi siku ile ile, pamoja na salamu njema na kikapu cha malimau juu yake. Halafu akatuma wazee wa suluhu katika magari matatu. Magari hayakuweza kuingia kichochoroni, yakabaki barabara kuu, na wazee wakatembea juani na kanzu zao zilizopigwa pasi. Bi Shaikha aliwakaribisha kahawa na tende, akawauliza hali za wake zao mmoja baada ya mmoja, na walipofikia lililowaleta akasema hana ugomvi na mtu. Yeye ni mwanamke wa jirani tu. Wazee walirudi wakiisifu kahawa.

Jioni ile Mastura alimmiminia mumewe chai, akakaa karibu yake.

"Umemtuma dereva, umewatuma wazee," alisema. "Wewe mwenyewe utakwenda lini?"

Sinan akasema kwamba hawezi kwenda kufungiwa mlango usoni, mtu mzima kama yeye.

"Basi nenda katika zamu yake ya maji," Mastura akamjibu. "Hapo hatoweza kukufungia."

Maneno yale yalimwingia. Maji ya falaji hugawanywa kwa zamu. Kila shamba lina saa zake, na saa hizo zikipita zimepita mpaka juma lijalo. Hasubiriwi mtu, hata awe nani. Zamu ya Bi Shaikha ilikuwa Ijumaa, tangu jua kuchomoza mpaka kivuli cha mtende mkubwa kiguse ukuta. Katika saa hizo, hata nyumba yake ingeshika moto, asingeondoka kwenye mfereji wake.

Ijumaa ile ile ya ahadi, Sinan alimpelekea Muhanna ujumbe kwamba ametangulia. Mpango wake ulikuwa mfupi: afike, aombe radhi, na amalize kabla wenzake hawajapita. Alizikanyaga changarawe za bondeni peke yake, na alipoingia kando ya falaji akajikuta anapunguza mwendo pale pale alipozoea kuuongeza. Zabibu zilikuwa zimeiva. Akafunga breki kwenye ukuta uliobomoka, akatia mguu mmoja chini.

Bi Shaikha alikuwa chini ya kichanja chake, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Alikuwa mwembamba kuliko Sinan alivyomkumbuka. Kwa fimbo ndefu alikuwa akichokoa tundu la kuingizia maji shambani, ambalo lilikuwa limezibwa na majani makavu na kokoto zilizoporomoka njiani. Fimbo haikufika. Miaka sitini na tisa ilikuwa imemkaa mgongoni, na mgongo haukumruhusu kuinama hata kidogo. Maji ya zamu yake yalikuwa yakipita mbele yake na kwenda kwa jirani, na chini ya mizabibu yake udongo ulikuwa umepasuka kwa ukavu.

Sinan alitoa salamu akiwa juu ya baiskeli, kwa Kiarabu, kwa mazoea tu. Bi Shaikha hakugeuka. Aliendelea kuchokoa, na fimbo ikavunjika.

Kuna mambo ambayo mtu huyajua kwa miaka mingi kisha huyaona kwa mara moja. Sinan aliuona ule mgongo. Akailaza baiskeli yake kwenye kokoto, ile baiskeli aliyoifuta kila jioni kwa kitambaa laini, akaingia chini ya kichanja. Helmeti ikagonga mti. Akainama kidogo, ikagonga tena, na zabibu mbili zikamwangukia shingoni. Akaivua na kuitupa. Kichanja kilikuwa cha chini mno, na tundu lilikuwa chini zaidi, kwa hiyo akapiga magoti, halafu akalala kifudifudi kwenye tope la kando ya mfereji na nguo zake za kubana, akatia mkono tunduni mpaka begani. Alitoa majani, akatoa mawe, akatoa na kipande cha ndoo. Mara maji yakavuta pumzi na kuingia shambani kwa kishindo, yakamrukia usoni.

Akiwa vile vile, magoti topeni, akafuta macho na kusema, "Shikamoo, Dada."

Neno lile hakuwa amelitamka kwa miaka sita. Bi Shaikha aliyafuata maji kwa macho, kama hakusikia. Lakini alikuwa amelelewa kwa adabu, na shikamoo ya mdogo wako haiachwi ikining'inia hewani.

"Marahaba," alisema hatimaye, macho kwenye mizabibu.

"Nisamehe. Nilikukana."

"Nnakusikia. Ila mbona jicho lako liko njiani?"

Ilikuwa kweli. Tangu alipopiga magoti Sinan alikuwa amelitega sikio lake moja kwenye zile kokoto, akisikiliza kama wenzake wanakuja.

"Ulinikana majlisini, mbele ya watu," Bi Shaikha alisema, na hakupaza sauti. "Leo waja kunitaka radhi hapa, mbele ya nani? Mbele ya nyuki? Wale watu sikuwalilia mimi, Sinan. Nililia kwa sababu nilikushika kile kiti miaka yote ile, na siku uliyoniachia hukugeuka hata kutazama nimeanguka wapi."

Na hapo hapo, kutoka penye mitende, zikasikika kokoto zikisagika chini ya magurudumu, na sauti ya Muhanna akimtania mtu kwa kuchoka mapema.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwake. Kilichohitajika ni kusimama tu, kupangusa magoti na kusema kwamba amemkuta mkulima mmoja mzee akaona amsaidie. Wote wangemsifu. Alimtazama dada yake, na kile alichokiona kilimkata maini: Bi Shaikha alikuwa amezisikia zile baiskeli, akaivuta kanga usoni, akageukia mizabibu. Alikuwa akimrahisishia mdogo wake uongo. Baada ya yote yale, bado alikuwa akimkinga asianguke.

Baiskeli nne zikasimama. Muhanna akauliza kwa Kiarabu kulikoni, na kama kuna aliyeumia. Sinan hakusimama. Aliushika mkono wa dada yake, akaubusu, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mfereji:

"Huyu ni dada yangu, Shaikha. Ndiye aliyenilea. Siku ile nyumbani kwangu nilisema ni jirani, na nilisema uongo."

Kisha akayarudia yale yale kwa Kiarabu, neno kwa neno, asije mtu akadai kwamba hakuelewa.

Halafu Muhanna, mtu mzima wa miaka sabini kasoro, aliyekuwa akiogopwa na ghorofa tatu za wizara, alishuka kwenye baiskeli, akavua helmeti, akainama na kuingia chini ya kichanja.

"Shikamoo, mama," alisema. Kilikuwa Kiswahili cha bara, chenye kutu, kama cha mtu anayefungua mlango uliofungwa siku nyingi. "Siku ile nilielewa. Ulisema mkate ungali moto." Akamgeukia Sinan, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. "Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Jikoni kwa mama yangu kilisemwa Kiswahili tu. Sikusema kitu, kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa."

Sinan alimkodolea macho. Miaka kumi na minane walikaa vyumba viwili vinavyopakana, kila mmoja akimeza lugha ya mama yake ili mwenzake asiisikie. Ukiwaza sana unaweza kulia, na ukiwaza zaidi unaweza kucheka, na wale wanaume wawili pale topeni walifanya yote mawili.

Bi Shaikha aliishusha kanga usoni. Alimtazama Muhanna kuanzia kichwani mpaka kwenye zile nguo za kubana, akazuia kicheko.

"Na huo mkate mliula?" akauliza.

"Tuliumaliza," Muhanna alisema. "Mimi nilikula vipande vitatu."

Hapo ndipo Bi Shaikha alipouweka mkono wake juu ya kichwa cha mdogo wake, palepale penye upara. Hakutoa hotuba. Alimwambia ainuke, maana maji yatamharibia magoti, na kwamba amwambie Noof shangazi yake anakuja siku saba kamili kabla ya harusi, zisipungue hata moja, na wale watu wa Sib wapewe siku yao leo hii. Kisha akawakatia zabibu, na wastaafu watano wakakaa ukingoni mwa falaji, miguu majini, wakala kama watoto mpaka kivuli cha mtende kikaugusa ukuta na zamu ikaisha.

Walipoondoka, Sinan alikuwa wa mwisho kupanda. Njia pale ina mwinuko mdogo wa changarawe, na gurudumu la nyuma likazunguka bure. Akahisi baiskeli inasukumwa. Mkono ulikuwa umekishika kiti kwa nyuma.

"Nenda," Bi Shaikha alisema. "Nimekushika."

Akaenda. Hatua chache mbele alijua kwamba ameachiwa, na safari hii aligeuka kutazama. Gurudumu likayumba, kokoto zikaruka, naye akaponea chupuchupu kutumbukia falajini na helmeti yake. Bi Shaikha alikuwa amesimama pale pale njiani, mkono wake bado umenyooka mbele, akicheka mpaka kanga inamvuka kichwani.

Jioni ile watu wa Sib wakatajiwa siku, na Noof akatoka chumbani kwake. Kile ambacho halwa, hariri, magari matatu na wazee wa suluhu walishindwa kukileta, kililetwa na magoti mawili kwenye tope, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.